Neno Lililoruka Mstari

Meza ya Jeannine haikuwa na nafasi. Printa ilikula nusu yake, rundo la karatasi likakaa pembeni, na kilichobaki kiliitosha laptopu tu, tena ikiwa imesukumwa hadi ukutani. Laptopu yenyewe aliinunua ikiwa imeshatumiwa na watu asiowajua. Masika moja bati la duka lilivuja, maji yakaingia kwenye vitufe, na tangu hapo baadhi ya herufi zikafa. Herufi a ilikufa kabisa. Na mtu anayeandika Kiswahili hawezi kufika popote bila a.

Gervas, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda jirani, ndiye aliyemtafutia kibodi ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya. Gervas ndiye pia aliyemwekea mfumo mwepesi wa Linux, kwa sababu mashine ilikuwa imezeeka na mfumo wa zamani ulishaishinda. Jeannine alizoea upesi. Kibodi ile ya nje, kwa kukosa pa kuiweka, aliilaza juu ya laptopu, juu ya vitufe vilivyokufa, na wakati wa kuandika viganja vyake vilipumzika pale chini, kwenye tachipadi, ile sehemu bapa inayopapaswa kwa kidole kusogeza mshale.

Ndivyo alivyofanya kazi zake zote, hapo mjini Mpanda, si mbali na stendi. Barua za maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi. Alikuwa binti wa Katumba, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi, mtoto wa Mzee Venant, ambaye aliletwa nchini kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia humu, akapata uraia humu akiwa tayari ana mvi. Jeannine alisoma ukatibu muhtasi, akarudi, akapanga chumba cha duka. Alipenda kuandika. Alipenda mteja akaribie na maneno yaliyochanganyika na aondoke na karatasi iliyonyooka.

Kero ilikuwa moja. Mara kwa mara, katikati ya kuandika, maneno yaliruka. Alikuwa akiandika mstari wa juu, kile kijiti kinachowakawaka pale herufi zinapoingia kikahama chenyewe, na neno likaenda kuangukia mstari wa chini. Alikuwa ameshajifunza kuinua macho, kuona, kufuta, kurudi. Alimwambia Gervas. Gervas akasema, "Iache kwangu siku moja, nikae nayo nikiwa nimetulia." Lakini siku hiyo haikupatikana. Kila asubuhi kulikuwa na mtu anayesubiri mlangoni.

Asubuhi moja mtu huyo alikuwa Osward.

Aliingia akiwa na kofia mkononi. Kijana mrefu, mnunuzi wa mpunga, viatu vyake vina vumbi la kijijini kwao Magamba. Baba yake, Mzee Melkiadi, alikuwa amefariki na mazishi yalikuwa siku hiyohiyo. Gari lilikuwa nje, linanguruma, na ndani yake kuna jeneza.

"Pole sana, kaka," Jeannine alimwambia. "Kaa hapa. Nitajie taratibu, tutamaliza."

Osward alitaja. Jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, kanisa, nani atasoma somo, nani atatoa neno la ukoo. Jeannine alichukua ratiba ya zamani, akawa anabadilisha majina humo. Walipomaliza, Osward aliinama kwenye skrini.

"Dada, pale juu kabisa pamekosa neno. Umeandika Melkiadi Telesphor tu. Hujaandika marehemu."

"Kweli. Samahani."

Jeannine alisogeza mshale kwa kipanya cha waya alichokiweka juu ya rundo la karatasi, akabofya mbele ya jina, akaweka mikono kwenye kibodi, akaandika: Marehemu. Akaangalia juu. Neno halikuwepo. Nje dereva akapiga honi. Jeannine alidhani hakubofya vizuri, akabofya tena, akaandika tena, na safari hii likaingia mahali pake. Akachapa nakala, akazikunja, akamkabidhi. Osward alitoka mbio.

Lile neno la kwanza halikuwa limepotea. Lilikuwa limeruka hadi chini, kwenye mstari wa wasifu, likakaa mbele ya jina la mtu mwingine.

Kilichotokea Magamba alikuja kukisikia baadaye. Ibada ya nyumbani ilikuwa inaendeshwa na Deogratias, katekista wa siku nyingi, mtu ambaye macho yake yalisoma haraka kuliko akili inavyofuata. Alifika kwenye mstari ule na kuusoma kama ulivyoandikwa, kwa sauti ya kipaza sauti: "Sasa wasifu, utasomwa na marehemu Osward Melkiadi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa woga, akajizuia. Emerensiana, mjane wa Mzee Melkiadi na mama yake Osward, alikuwa amekaa chini kando ya jeneza, kitenge kimemfunika mpaka usoni. Alikifunua. Alimtazama Deogratias, kisha akamtafuta mwanawe kwa macho, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba bado yupo. Osward alisimama haraka, akaenda mbele, akasema kwa kujaribu kutabasamu, "Nipo, jamani. Ni makosa ya uchapaji." Akasoma wasifu wa baba yake hadi mwisho.

Wiki iliyofuata Osward alirudi dukani. Jeannine alipomwona alijua kwamba kuna kitu, maana alisimama mlangoni bila kuingia.

"Karibu, kaka. Msiba ulikwendaje?"

"Ulikwenda vizuri. Ila umenizika na mimi."

Akatoa karatasi mfukoni, akaweka kidole pale. Jeannine alisoma. Aliusoma mstari ule tena na tena, mwishowe akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mungu wangu. Kaka, nisamehe. Ni hii mashine, huwa inaruka. Nisamehe jamani. Mama ameona?"

"Mama amesikia. Ilisomwa kwa spika."

Machozi yakamtoka Jeannine. Osward, aliyekuwa amejipanga kuja kulalamika, alijikuta amekaa kwenye benchi anambembeleza. "Basi, dada. Basi. Mbona mimi mwenyewe silii? Niangalie, mzima kabisa." Alikaa hadi alipoona amenyamaza. Kisha akaomba apigiwe fotokopi ya kitambulisho, ambayo hakuwa na haja nayo.

Alirudi tena. Safari nyingine alikuja na mchele wa Mpimbwe kwenye mfuko, akasema ni kwa ajili ya kumwondolea mzigo moyoni. Baadaye hakutafuta sababu tena. Akimaliza kuuza mpunga wake mashineni alikuja kukaa kwenye lile benchi, akasogea kila mteja alipoingia, akarudi kila mteja alipotoka. Akipiga simu alisema, "Marehemu anaongea." Jeannine alikuwa anakasirika kweli.

"Osward, acha. Sitaki kusikia hilo neno."

"Hili neno ndilo limenioza."

"Hujaoa bado."

"Naelekea."

Walienda pamoja Katumba. Mzee Venant alimkaribisha, wakazungumza mambo ya mpunga na mbegu mpaka chakula kikapoa. Osward alipoondoka mzee alimwambia binti yake kwa Kirundi kwamba kijana huyu anasikiliza, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Magamba mambo yalikuwa tofauti. Emerensiana hakumtukana wala hakumfukuza. Alimpa kiti, akampa chakula, akamuuliza habari za wazazi. Lakini hakumwita kwa jina. Akiongea na majirani alisema "yule aliyeandika." Na siku moja, wakiwa wawili jikoni wanapepeta mchele, alimuuliza bila kuinua macho:

"Hivi wewe, ulipoliandika lile neno, ulikuwa unawaza nini?"

"Mama, sikuwaza kitu. Liliruka lenyewe."

"Neno linaruka?"

"Ndiyo, mama. Kwenye ile mashine linaruka."

Emerensiana alitikisa ungo, akapuliza pumba. "Haya," alisema. Hakuliongelea tena.

Jeannine alirudi mjini akiwa na uchungu. Alimwambia Osward kwamba kesho yake anampelekea Gervas ile laptopu, iwe iwavyo. Osward akacheka. "Usiitengeneze. Isingeruka ningekujuaje?" Akamshika mkono, wakaenda kununua vitambaa vya mapazia. Laptopu ikabaki kama ilivyokuwa.

Barua ya posa ilishapelekwa na kujibiwa. Walikuwa wanasubiri mavuno yaishe ndipo wafunge ndoa.

Siku moja ya mavuno Osward alikuwa Kasekese anakusanya mpunga kwa wakulima. Alipakia lori, na kwa kuwa kabini ilikuwa imejaa alipanda juu ya magunia, kama alivyofanya mara nyingi. Kwenye mteremko wenye makorongo ya mvua, lori lilikosa njia, likalala ubavu. Waliokuwa kabini walitoka na majeraha. Osward alikutwa chini ya magunia.

Jeannine alikuwa anamwandikia mwalimu mmoja barua ya uhamisho. Alimwona Gervas amesimama mlangoni, na nyuma yake dereva wa bajaji aliyeleta habari.

"Jeannine, funga duka," Gervas alisema.

"Kuna nini? Nina mteja."

"Funga tu, dada yangu. Funga twende."

Alimwangalia usoni, akaelewa bila kuambiwa ni nani. Yule mwalimu ndiye aliyeinuka kuzima printa.

Magamba walikuta watu wameshajaa uani. Jeannine alivua viatu, akaingia ndani walikokaa wanawake, akaenda moja kwa moja kumkumbatia Emerensiana. Emerensiana alikuwa ameegemea ukuta, hana sauti, amelia hadi imekauka. Alipohisi mikono ile shingoni akafungua macho. Akaitoa mikono, mmoja kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye miiba.

"Wewe ulishamwandika," alisema. "Watu wote hapa walisikia. Aliandikwa, akasomwa, akaitwa. Mlitaka afanye nini?"

"Mama..."

"Usiniite mama."

Chumba kizima kilisikia. Mwanamke aliyekuwa jirani yao alisogeza mkeka wake. Mwingine akafuata. Mwishowe shangazi mmoja wa Osward alimshika Jeannine begani, akamtoa nje kwa upole, akamnong'oneza, "Binti, nenda ukapumzike kwanza. Watu wana uchungu. Wengine ni vijana, hawachelewi kufanya ujinga."

Hakwenda kupumzika. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, mpakani mwa shamba la mahindi, na Gervas kando yake. Ratiba ilikuwa imechapwa kwenye duka jingine. Deogratias alikuwepo lakini alikataa kuongoza. Alikaa kwenye benchi kichwa amekiinamisha, na kazi ikafanywa na mtu mwingine. Walipofukia kaburi Jeannine hakuweza kwenda kutupa udongo. Kati yake na kaburi walikuwa wamesimama watu wanaomtazama.

Duka lilibaki limefungwa. Mama yake alikuja kutoka Katumba, akampikia uji, akakaa naye. Alipofungua tena, watu walikuwa wachache. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Lakini siku moja mwanamke aliyekuja na kipande cha karatasi chenye majina ya kamati ya harusi aliuliza, "Ni hapa kwa Jeannine?" na alipojibiwa ndiyo akakumbuka kwamba ameacha mtoto nyumbani.

Jioni hiyo Jeannine alichomoa nyaya zote, akaibeba laptopu, kibodi na kipanya chake hadi kibandani kwa Gervas.

"Nataka kujua kwa nini inaruka," alisema.

Gervas aliweka chini simu aliyokuwa anaifungua. "Kaa," alimwambia.

Alianza na mambo mepesi. Alichukua kitambaa akafuta tachipadi, isije ikawa ni mafuta au unyevu. Alimwambia aandike. Jeannine aliandika, na baada ya mistari michache kijiti kikaruka. Alichomoa chaja, maana chaja mbovu inaweza kuufanya mshale utetemeke. Jeannine aliandika, kikaruka. Alifungua mipangilio ya mfumo, akatafuta sehemu ya kipanya na tachipadi. Palikuwa na sentensi inayosema tachipadi izimwe mtu anapoandika.

"Hii imewashwa tayari," Gervas alisema, akakunja uso. "Ilitakiwa iwe inakulinda."

"Mbona hainilindi?"

"Ngoja."

Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri, na maandishi meupe yakaanza kushuka. Kila kilichoguswa kwenye mashine kilijitaja pale: kitufe, kipanya, tachipadi. "Andika kama unavyoandika dukani," alisema. "Usijilinde. Weka mikono kama siku zote." Jeannine aliilaza kibodi ya nje juu ya laptopu, viganja vikatua chini, akaandika jina la mji, jina la baba yake, chochote. Kijiti kiliporuka, Gervas alinyoosha kidole kwenye dirisha jeusi. Pale pale, katikati ya vitufe, palikuwa na mguso wa tachipadi.

"Umeona? Imeguswa."

"Sijaigusa."

"Umeigusa. Ni kiganja, hapa chini ya kidole gumba. Kinagusa kidogo tu, mashine inadhani umebofya."

Kisha Gervas akaiondoa kibodi ya nje, akamwambia aandike kwenye vitufe vya laptopu yenyewe, hata kama herufi nyingine hazitoki. Jeannine akaandika. Yalikuja maneno yasiyo na a, yasiyosomeka, lakini hayakuruka. Waliandika ukurasa mzima. Hata alipokandamiza viganja makusudi, tachipadi ilikaa kimya. Wakarudisha kibodi ya nje. Ikaruka.

Gervas aliegemea kiti.

"Basi ni hivi. Mfumo unaizima tachipadi pale tu unapoona vitufe vyake wenyewe vinabonyezwa. Hii kibodi ya nje mfumo unaichukua kama kitu cha mbali, kilichowekwa huko mezani, ambacho mkono wa anayekitumia hauwezi kufika kwenye tachipadi. Haujui kwamba wewe umeiweka juu ya laptopu. Kwa hiyo unapoandika, tachipadi inabaki imewashwa."

"Inatengenezwaje?"

"Naiambia tachipadi ijizime kila kipanya cha waya kikichomekwa. Wewe unatumia kipanya siku zote. Hutaikosa." Alibofya mahali, akafunga dirisha. "Jaribu."

Jeannine aliandika. Aliandika huku viganja amevilaza kabisa. Hakuna kilichohama.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Muda wote ule, ilikuwa ni jambo la hivi tu."

Gervas alijua kwamba angeweza kulifanya wakati wowote, akiwa amesimama mlangoni kwake, akinywa chai. Na Jeannine alijua kwamba aliambiwa ailete. Jeannine aligeuza mkono wake, akakitazama kiganja chini ya kidole gumba. Kisha akalala juu ya kibodi, akalia kwa sauti, na Gervas akavuta pazia la kibanda ili wapita njia wasione.

Alipotulia alisema, "Nionyeshe jinsi ya kuirudisha ilivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Nataka mama yake aone."

"Jeannine, unakwenda kumweleza mama aliyefiwa habari za tachipadi?"

"Anadhani nilimwandikia mwanawe kifo. Sina kitu kingine cha kumweleza."

Gervas alimwonyesha.

Alikwenda Magamba siku ya katikati ya juma, kwa bodaboda, laptopu ameipakata kifuani. Emerensiana alikuwa peke yake uani, anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Alimwona tangu anashuka, akaendelea kupukuchua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Najua umesema nisikuite hivyo. Sina jina jingine la kukuita."

Emerensiana alitupa gunzi pembeni. "Umekuja na nini hapo?"

"Na ile mashine."

Mikono ya Emerensiana ikasimama. Jeannine alikaa chini kwenye vumbi, mbali kidogo na mkeka, akafungua laptopu, akachomeka kibodi, akailaza kama ilivyokuwa inalala dukani. Aliandika juu: Mchele wa Mpimbwe. Chini akaandika: Mahindi ya Magamba. Alieleza kidogo tu. Kisha akasogeza ile mashine hadi mkekani.

"Weka mkono wako hapa, mama. Kiganja kikae hapa. Sasa bonyeza herufi yoyote. Mstari wa juu."

Emerensiana alisita. Alijifuta mkono kwenye kitenge. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa taabu, kama mtu aliyeacha shule zamani, herufi baada ya herufi. Zilikuwa zinaingia juu. Kiganja kikashuka, kikagusa. Herufi iliyofuata ikatokea chini, katikati ya neno Mahindi.

Emerensiana alirudisha mkono haraka. Akautazama. Akauweka tena, akabonyeza tena, na baada ya kitambo ikaruka tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, uso umekaza, kama anayetafuta mahali ulipo uongo.

"Kwa hiyo hata mimi ningeandika, ingeruka," alisema.

"Hata wewe, mama."

"Hata padri."

"Hata padri."

"Na Osward mwenyewe."

Jeannine aliitika kwa kichwa.

Kuku walikuja kudonoa mahindi yaliyomwagika, Emerensiana hakuwafukuza. Alipoongea hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Jeannine kuliko siku ile ya msiba.

"Afadhali ungekuwa mchawi," alisema. "Nimelala na kuamka nikikuchukia wewe. Nikikuchukia nilikuwa napata nguvu ya kuchota maji. Sasa umeniletea mkono tu. Nimkasirikie nani, kiganja?"

"Nikasirikie mimi, mama. Niliambiwa niitengeneze nikachelewa."

"Kuchelewa." Alitikisa kichwa. "Kwani neno ndilo lililompandisha juu ya magunia? Nimeshaona. Nimeshaelewa. Funga mashine yako."

Jeannine alifunga. Emerensiana alimsindikiza hadi njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Osward akiwa hai. Walisimama pale bodaboda ilipokuwa inasubiri. Akamshika mkono, ule wa kulia, akauachia.

"Jeannine," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. "Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Nitawaambia na watu. Lakini usije tena mpaka nikuite. Nikikuona wewe namwona yeye anasimama pale mbele anasema nipo."

Emerensiana alifanya kama alivyoahidi. Aliwaambia majirani, akamwambia shangazi yake Osward, akamwambia hata Deogratias baada ya misa, na maneno ya uchawi yakapungua hadi yakaisha. Wateja walirudi kidogo kidogo. Lakini hakumwita. Jeannine alisubiri mavuno, akasubiri Krismasi. Alituma salamu, na zilijibiwa kwa salamu. Safari moja walikutana sokoni mjini, kwenye vitunguu. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana afya, kila mmoja akamwambia mwenzake ashike njia salama. Hakuna zaidi.

Mzee Venant alikuja dukani akataka kumrudisha Katumba. "Mashamba yapo," alimwambia. "Utapumzika." Jeannine alimwambia kwamba atakuja wakati wa kupandikiza mpunga, asaidie, kisha arudi. Mzee alitazama lile benchi, hakulikalia, akasema sawa.

Hajaolewa. Gervas alimtafutia vitufe vipya vya laptopu na kuvifunga, kwa hiyo kibodi ya nje haipo tena. Herufi a inatoka. Jeannine anaandika polepole kuliko zamani, mikono ameinyanyua juu hewani mpaka mabega yanamuuma, ingawa Gervas ameshamwambia mara nyingi kwamba hakuna haja.

Ratiba za mazishi anaandika pia, hakatai. Akimaliza humgeuzia mfiwa skrini, akamsomea mstari kwa mstari, kidole kikipita chini ya kila jina, na anauliza: huyu ni nani, yu hai? Na huyu? Wafiwa wengi huchoka. Nje gari linasubiri, ndugu wanapiga simu.

"Dada, inatosha. Chapa tu tuondoke."

"Samahani, ndugu yangu," Jeannine hujibu. "Tumalizie hii mistari."

Na anaendelea kuwasomea.